Kabla ya kupandisha sauti, sawazisha spika zako

Na MWANDISHI WETU

FAMILIA nyingi humu nchini hujinyima kwa miezi kadhaa ili kununua mtambo wa sauti wenye spika tano na wufa. Hata hivyo, mtambo huo ukishafikishwa sebuleni, malalamishi huwa yale yale: maneno ya waigizaji wa filamu hayasikiki vyema, ilhali milipuko na milio ya magari inatikisa vioo vya madirisha.

Mwenye rimoti hapumziki. Waigizaji wakinong'onezana anapandisha sauti, na bunduki zikianza kurindima anaishusha mbiombio kabla jirani hajabisha mlango.

Aghalabu lawama huelekezwa kwa mtambo, na kuna wanaouuza kwa bei ya kutupa ili wanunue mkubwa zaidi. Lakini mara nyingi mtambo wenyewe huwa hauna hitilafu yoyote. Kinachokosekana ni kazi ya saa moja au mbili ya kuzipanga spika na kuzisawazisha kulingana na chumba zilimowekwa.

Kusawazisha spika si kuongeza sauti. Ni kuhakikisha kwamba sauti ya kila spika inamfikia msikilizaji ikiwa na nguvu sawa na ya nyingine, na kwa wakati unaofaa. Kazi hiyo haihitaji fundi wala gharama kubwa. Utepe wa kupimia, simu yenye programu ya kupima sauti na masikio yako mwenyewe vinatosha.

Wati nyingi si dawa

Kabla ya kufikiria kununua mtambo mpya, ni vyema kuelewa jinsi sikio linavyopokea sauti. Amplifaya ya wati 100 haitoi sauti maradufu ya ile ya wati 50. Tofauti baina yake ni desibeli 3 pekee. Ili sauti isikike kana kwamba imeongezeka maradufu, zinahitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi.

Isitoshe, wati elfu kadhaa zinazotangazwa kwenye maboksi pamoja na herufi PMPO ni kilele cha kinadharia cha muda mfupi mno. Kipimo cha kutegemewa ni kile cha RMS, ambacho huonyesha nguvu zinazoweza kutolewa mfululizo. Kwa hivyo, anayetafuta maneno yanayosikika vyema hatayapata kwa kununua wati zaidi.

Kila spika ina kazi yake

Mfumo unaotumiwa katika nyumba nyingi huitwa 5.1. Tarakimu ya kwanza husimamia spika tatu za mbele, yaani ya kushoto, ya kati na ya kulia, pamoja na mbili za pembeni. Nukta moja husimamia mkondo wa besi peke yake, unaobeba sauti nzito zisizozidi hezi 120, na ambao hutolewa na wufa.

Mfumo huo ulianza katika majumba ya sinema kabla ya kuingia sebuleni. Filamu ya Batman Returns ya mwaka 1992 ndiyo iliyotangulia kutumia Dolby Digital, na mwaka uliofuata Jurassic Park ikaleta mfumo wa DTS. Baadaye DVD ziliifikisha teknolojia hiyo majumbani. Tangu mwaka 2012, Dolby Atmos imeongeza spika za juu ya msikilizaji, lakini kanuni za kusawazisha hazijabadilika.

La kuzingatia ni kwamba sehemu kubwa ya mazungumzo katika filamu hutoka kwa spika ya kati. Spika hiyo ikisukumwa ndani kabisa ya kabati la runinga, ikafunikwa kitambaa na kuzingirwa na picha za familia, sauti za waigizaji haziwezi kuwa safi. Ilete mbele hadi ukingo wa rafu, na uielekeze kwenye masikio ya walioketi.

Chunguza waya kwanza

Kuna mitambo mingi ya spika tano ambayo haijawahi kupokea sauti ya mikondo mitano tangu iliponunuliwa. Waya mbili za nyekundu na nyeupe zinazotoka kwenye runinga au kingamuzi hubeba mikondo miwili tu. Mtambo ukiunganishwa hivyo, hunakili au kukisia sauti ya kupeleka kwa spika nyinginezo.

Ili mikondo yote ifike, tumia waya ya HDMI iliyochomekwa penye maandishi ARC, au waya ya kidijitali ya mwanga. Vilevile, ingia kwenye menyu ya sauti ya runinga na uangalie aina ya sauti inayotolewa. Ikiwa imewekwa PCM, runinga nyingi hubana mikondo yote kuwa miwili. Chagua Bitstream au Dolby Digital.

Kisha kagua waya za spika zenyewe. Upande mwekundu wa amplifaya sharti uende kwa mwekundu wa spika, na mweusi kwa mweusi. Spika moja ikigeuzwa, itakuwa ikivuta wakati wenzake wanasukuma, na besi itafifia.

Jaribio lake ni rahisi. Cheza wimbo wa zamani wa mono, mfano wa nyimbo nyingi za zilizopendwa zilizorekodiwa katika miaka ya 1950, kupitia spika za kushoto na kulia pekee. Sauti ya mwimbaji inapaswa kusikika kana kwamba amesimama katikati. Ikiwa imetawanyika na huwezi kuionyesha kwa kidole ilipo, kuna waya iliyogeuzwa.

Mpangilio huanzia kitini

Wengi huzipanga spika pale zinapopendeza macho, kisha wakaweka viti popote. Utaratibu mwafaka ni kinyume chake. Amua kwanza kiti kikuu kitakuwa wapi, halafu spika zikifuate.

Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) limependekeza, katika mwongozo wake kuhusu mfumo huu, kwamba spika za kushoto na kulia ziwe kwenye nyuzi 30 kila upande wa msikilizaji. Kwa lugha nyepesi, umbali baina ya spika hizo mbili uwe sawa na umbali kutoka kwa kila moja hadi kitini. Ukiketi mita 2.5 kutoka kwazo, ziachanishe kwa mita 2.5.

Spika za pembeni nazo ziwe kwenye nyuzi 100 hadi 120, yaani ubavuni na nyuma kidogo ya masikio. Si kando ya runinga, jinsi zinavyopatikana katika sebule nyingi. Spika zote tano zikipangwa mstari mmoja mbele, hakuna sauti itakayomzunguka mtu.

Ikiwa kochi limegusa ukuta wa nyuma, livute mbele hata kama ni kwa sentimita 30, na uzitundike spika za pembeni kwenye kuta za ubavuni, juu kidogo ya kichwa cha aliyeketi. Zile za mbele ziwe karibu na kimo cha masikio.

Nyumba ya mawe na besi inayonguruma

Chumba chenyewe ni sehemu ya mtambo. Nyumba zetu nyingi za mijini zimejengwa kwa mawe na saruji, zikawekwa vigae sakafuni na madirisha mapana ya vioo. Vyote hivyo hurudisha sauti badala ya kuimeza.

Piga makofi mara moja ukiwa katikati ya sebule. Ukisikia mlio mkali unaotetemeka baada ya kofi, mwangwi umezidi na utayaparuza maneno ya waigizaji. Zulia kati ya kiti na spika za mbele, mapazia mazito na kabati la vitabu hupunguza kasoro hiyo kwa kiasi kikubwa.

Besi, hata hivyo, haizuiliwi na mapazia, kwa sababu mawimbi yake ni marefu mno. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Katika chumba chenye urefu wa mita 4, wimbi la hezi 43 hivi hugonga ukuta na kurudi likijiongezea nguvu. Hezi hizo zinakaribiana na noti ya F ya chini kwenye gitaa la besi.

Matokeo yake ni kwamba noti hiyo moja itanguruma kuliko nyingine zote kwa aliyeegemea ukuta, na itatoweka kwa aliyeketi katikati kabisa ya chumba. Mpenzi wa benga au rumba atadhani mpigaji gitaa alikosea, kumbe ni ukuta unaomchezea.

Wufa ikiwekwa pembeni kabisa, kwenye kona, besi huwa nyingi zaidi, lakini pia mngurumo wa noti moja huzidi. Ili kupata mahali panapofaa, iweke wufa juu au karibu na kiti chako kikuu, kisha ucheze wimbo ambao gitaa lake la besi linapanda na kushuka.

Baada ya hapo, piga magoti na utambae kando ya kuta ukisikiliza. Watoto watacheka, lakini utafika mahali ambapo noti zote zinasikika kwa nguvu zinazolingana. Hapo ndipo wufa inapostahili kukaa.

Umbali na nguvu

Baada ya kila spika kupata mahali pake, fungua menyu ya mtambo na uingize umbali wa kila moja kutoka kitini, ukitumia utepe wa kupimia. Sauti hutumia takriban milisekunde 3 kusafiri mita moja. Spika ya pembeni iliyo mita 1.5 kutoka kwako itakufikia zaidi ya milisekunde 4 kabla ya ile ya mbele iliyo mita 3.

Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini ubongo huamini kuwa sauti inatoka kule ilikofikia sikio kwanza. Ukiuarifu mtambo umbali halisi, utaichelewesha spika iliyo karibu ili zote zifike pamoja.

Hatua inayofuata ni nguvu. Menyu nyingi zina mlio wa majaribio unaosikika kama mvua inayonyesha kwenye mabati kwa mbali, na ambao hupita kutoka spika moja hadi nyingine. Shika simu yenye programu ya kupima desibeli mahali kichwa chako hukaa, kwa kimo cha masikio, ukiichagulia kipimo cha C na mwendo wa polepole.

Anza na spika ya kushoto hadi ifike takriban desibeli 75, halafu uongeze au upunguze zile nyingine mpaka zote zisome sawa. Maikrofoni za simu hazifanani, na huenda 75 ya simu yako si 75 kamili. Hilo lisikutie wasiwasi kwa spika hizi tano, kwa kuwa unazilinganisha zenyewe kwa zenyewe. Kwa wufa, simu nyingi huwa hazipimi besi ya chini ipasavyo, hivyo mwamuzi wa mwisho awe sikio.

Ikiwa mtambo wako ni wa bei nafuu na menyu yake haina sehemu ya umbali, zipange spika ziwe na umbali unaokaribiana kutoka kitini, kisha urekebishe nguvu kwa rimoti.

Mgawanyo wa besi

Spika ndogo hazifai kulazimishwa kutoa besi ya chini. Menyu ikiuliza ukubwa wa spika, chagua ndogo, na uweke mpaka wa hezi 80, kiwango kilichopendekezwa na kampuni ya THX na ambacho mitambo mingi hukitumia. Sauti zote zilizo chini ya mpaka huo zitaelekezwa kwa wufa. Ikiwa spika zako ni ndogo mno, mpaka wa hezi 100 au 120 utafaa zaidi.

Wufa yenye kidude chake cha mpaka kikizungushwe hadi mwisho, ili besi isichujwe mara mbili. Ikiwa pia ina swichi ya 0 na 180, cheza muziki wenye besi na ujaribu pande zote mbili. Chagua upande ambao besi inasikika imejaa zaidi ukiwa kitini.

Mtambo unaojipima

Risiva nyingi huuzwa pamoja na maikrofoni ndogo ya kujipimia. Yamaha huuita mfumo wake YPAO, Pioneer MCACC, nayo Denon hutumia Audyssey. Mifumo hiyo hurahisisha kazi, lakini haiondoi haja ya kuzipanga spika vyema kwanza.

Zima feni, funga madirisha na usubiri utulivu. Iweke maikrofoni juu ya kigingi au rundo la vitabu kwa kimo cha masikio, wala usiishike mkononi. Mtambo ukiomba kupima sehemu kadhaa, zipime zote.

Ukimaliza, kagua matokeo. Ikiwa spika ndogo zimetajwa kuwa kubwa, zirudishe. Lakini umbali wa wufa ukionekana mrefu kuliko ule wa utepe, uache vivyo hivyo. Vifaa vya kielektroniki vilivyo ndani ya wufa huichelewesha sauti, na mtambo umeyahesabu hayo.

Filamu si muziki

Filamu hutengenezwa kwa ajili ya ukumbi mkubwa. Huko, kila spika ya mbele hupimwa kwa desibeli 85, na juu yake huachwa nafasi ya desibeli 20 kwa ajili ya milipuko na vishindo. Ndiyo maana sauti ya kunong'ona huwa mbali sana na sauti ya bomu.

Sebuleni, ambako watu husikiliza kwa sauti ya chini, si kosa kuiongezea spika ya kati desibeli 2 au 3 ili mazungumzo yapenye. Usiku, tafuta kwenye menyu sehemu iitwayo Night au DRC. Hiyo huinua sauti ndogo na kubana kubwa, na rimoti inaweza kupumzika mezani. Midomo ya waigizaji ikitangulia au kuchelewa nyuma ya maneno, rekebisha kwa sehemu ya kuchelewesha sauti.

Muziki, kwa upande mwingine, umerekodiwa kwa kiasi kikubwa katika mikondo miwili. Mipangilio inayoitwa Hall au Stadium huongeza mwangwi ambao mwanamuziki hakuukusudia. Kwa taarab, injili au benga, chagua Stereo, ili spika mbili za mbele na wufa zifanye kazi. Hali inayoitwa Direct nayo huweza kuizima wufa katika baadhi ya mitambo, hivyo isikilize kabla ya kuiamini.

Nguvu ya wufa inayofurahisha kwenye filamu ya vita huwa imezidi kwa muziki. Ipunguze hadi usiweze kutambua kwamba besi inatoka kwenye boksi fulani. Risiva kadhaa huhifadhi mipangilio tofauti kwa kila chombo kilichounganishwa, na ni busara kuwa na mmoja wa filamu na mwingine wa muziki.

Kumbuka pia kwamba sikio hupoteza besi sauti inaposhushwa, jambo lililoelezwa na watafiti Fletcher na Munson wa Marekani mwaka 1933. Kwa hivyo, sawazisha mtambo kwa kiwango cha sauti unachotumia kila siku, si kile unachotumia kuwaonyesha wageni.

Masikio na majirani

Faida kubwa ya kusawazisha ni kwamba hutahitaji sauti ya juu ili kusikia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba mtu mzima asizidishe wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na desibeli 75 kwa watoto. Kila desibeli 3 zinazoongezwa hupunguza muda huo kwa nusu. Uwezo wa kusikia uliopotea kutokana na kelele haurudi.

Majirani nao wana haki yao. Kanuni za kudhibiti kelele zilizochapishwa humu nchini mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira ziliweka kiwango cha nje ya makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku huo unahesabiwa kuanzia saa mbili.

Katika nyumba za ghorofa, kinachopenya kuta na sakafu kwa urahisi zaidi ni besi. Baada ya saa mbili usiku, punguza wufa kwanza kabla ya kugusa sauti nyingineyo, na uiweke juu ya zulia nene au sponji ngumu ili mtetemo usishuke kwa walio chini.

Ukishakamilisha yote hayo, cheza filamu unayoijua vyema na uiache rimoti mezani. Ukifika mwisho bila kuigusa, na aliyeketi kando yako hajakuuliza hata mara moja kile mwigizaji amesema, spika zako zimesawazika.